Ukuta wa Kijani

Kama kuna kazi inayomzeesha mtu kabla ya wakati wake, ni kumweleza bosi jambo ambalo bosi ameshaamua kuwa analijua. Vipimo aliifanya kazi hiyo kila Jumatatu asubuhi, amesimama mbele ya ukuta wa skrini kwenye ghorofa ya juu ya ofisi, fimbo ya kuonyeshea mkononi, akieleza mchoro wa kwanza huku Meneja akiitikia kwa kichwa mchoro wa tatu.

"Kwa kifupi," Meneja angesema, "ni kijani."

"Ni kijani, Bosi, lakini..."

"Basi. Kijani ni kijani."

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho tu. Ofisi nzima ilimwita Vipimo kwa sababu kazi yake ilikuwa kupima, na kwa sababu hakuweza kunywa hata chai bila kusema imechukua muda gani kupoa. Kampuni ilikuwa na mfumo wa kuagiza dawa na vifaa vya tiba. Mwenye duka la dawa mtaani akiishiwa na kitu, anabonyeza simu yake, na ghala la kampuni lililo karibu linamletea. Yeye anaona ombi moja tu. Nyuma ya pazia ombi hilo linapita kwenye mashine chungu nzima: ya langoni inayolipokea, ya kikapu, ya bei, ya ghala inayosema kitu kipo au hakipo, ya usafirishaji. Kila mashine ina programu yake, kila programu ina wenyewe, na kila mwenyewe ana kiburi chake. Kitu kikikwama, wote hunyoosha vidole kwa jirani.

Ndiyo maana Vipimo aliletwa. Kwenye kila mashine aliweka programu ndogo aliyoiita askari. Ombi likiingia langoni linapewa namba, na kila linapopita, askari wa pale anaandika limeingia lini, limetoka lini, limejibiwa nini. Askari wote wanapeleka taarifa zao kwa mkusanyaji mmoja, mkusanyaji anaziweka kwenye hifadhi, na hifadhi ndiyo inayolisha ukuta. Ukiwa na namba ya ombi unaweza kulifuata mguu kwa mguu, kutoka kidole cha mwenye duka hadi kwenye gari la mizigo. Juu ya hayo akatengeneza mteja wa majaribio, yaani programu inayojifanya duka la dawa: inaagiza boksi moja, inalishikilia boksi hilo ghalani, inasubiri kidogo, inalirudisha. Mteja wa uongo akihudumiwa vizuri, basi wa kweli naye anahudumiwa vizuri. Ulikuwa mpango mzuri, na ungebaki mzuri kama wangemwachia mwenyewe.

Hawakumwachia. Idara ya Mauzo iliona ukuta ikautamani. Ikasema haiwezi kutegemea namba za watu wa mitambo, inataka askari wake na mteja wake wa majaribio. Idara ya Usalama ikasema kama Mauzo wanao, sisi je? Fedha wakafuata, Huduma kwa Wateja wakafuata, na Meneja, ambaye hajawahi kusema hapana tangu anunue tai, akawakubalia wote. Hakuna aliyekaa chini kubuni chochote. Walichukua alichoandika Vipimo wakakinakili kama kilivyo, wakabadilisha rangi, wakabandika. Kila mashine ikawa na askari wengi kuliko kazi. Vipimo alipinga kwenye mkutano, akapinga kwa barua pepe, akapinga kwenye lifti, mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe akasema liwalo na liwe. Ukuta ulikuwa kijani, na yeye ndiye aliyeujenga.

Mtu mwingine aliyelalamika alikuwa Kesho, kijana mrefu aliyesimamia mashine ya ghala. Aliitwa hivyo kwa kuwa kila ukimwomba kitu jibu lake lilikuwa hilohilo.

"Dada Vipimo, ghala langu wanalinyonga," alimwambia siku moja, ameegemea meza yake. "Kutwa linaulizwa 'upo?', linajibu 'nipo'. Litafanya kazi saa ngapi?"

"Linajibu kwa kasi kuliko wakati wowote, Kesho. Tazama mwenyewe."

Kesho alitazama. Mstari wa ghala ulikuwa umelala chini kabisa, muda wa kujibu mdogo ajabu, unatia fora kwenye ukuta mzima.

"Ndiyo inayonitia wasiwasi," alisema. "Tangu lini ghala langu likawa na mbio?"

"Badala ya kushukuru!"

"Haya. Kesho nitaangalia," alisema, akaenda zake.

Ijumaa mchana Dada akapiga simu. Dada ni dada yake mkubwa, ndiye aliyebaki nyumbani na baba yao, safari ya basi ya kutwa nzima kutoka ofisini. Baba alikuwa fundi cherehani hadi sukari ilipompanda. Sasa alikuwa na kidonda mguuni ambacho kilikuwa kimekataa kupona tangu mvua za mwanzo. Kidonda chenyewe kilihitaji bendeji za aina yake, zenye dawa ndani, zinazobadilishwa kila siku. Mwenye duka la dawa la mtaani aliziagiza kwenye mfumo ule ule wa kampuni, na Vipimo alijisikia vizuri moyoni kila alipolifikiria hilo.

"Bendeji hakuna," Dada alisema bila salamu, na Dada si mtu wa kuruka salamu. "Mwenye duka anabonyeza, inamwambia hazipo."

Vipimo aliinua macho ukutani. Kijani tupu.

"Dada, mfumo uko sawa. Naangalia hapa. Labda mtandao wake mbovu."

"Mtandao wake ndio anaonipigia nao simu."

"Labda anaandika vibaya. Mwambie azime simu awashe."

"Ameshazima, ameshawasha. Mdogo wangu, nisikilize. Daktari amesema kidonda kikifika kliniki ya Alhamisi kikiwa kibichi, anakata. Nimebakiwa na moja. Nikishamfunga hiyo, sina."

"Hatafika huko. Mwambie mwenye duka ajaribu tena jioni."

Alisema hivyo akiwa na uhakika wote wa mtu aliyekaa mbele ya skrini kubwa. Na si kwamba hakumjali baba yake. Alimpenda kufa. Kila asubuhi alimpigia Dada aulize sukari imesoma ngapi, kidonda kina upana gani, akaandika na mchoro akauchora. Mchoro wa kidonda cha Baba ulikuwa kwenye simu yake, na ulikuwa ukishuka vizuri tu.

Jumamosi Dada akapiga tena. Bado hazipo. Amezunguka maduka yote ya mjini na jibu ni hilo hilo, kwa kuwa wote wanaagiza mlango mmoja. Amechana shuka jeupe, amelichemsha, amelianika, ndilo anamfungia Baba. Vipimo akaumia, na akiumia huwa anaanza kubishana. Akaeleza kuwa ghala likikosa kitu, kengele inalia kwake kabla hata ya mwenye duka kujua. Kengele haikulia. Maana yake kitu kipo. Na ili Dada asidhani anababaishwa, akaupiga picha ukuta wote akamtumia.

Jibu lilikuja kabla hajaweka simu chini. "Hiyo picha nimfungie nayo?"

Vipimo aliona haya, kisha akakasirika, kisha akaona haya tena. Akashuka kwa Kesho, lakini Kesho hakuwepo, ilikuwa Jumamosi. Akaandika ombi la kuangaliwa kwa ghala la kanda ya nyumbani kwao. Ombi likaenda Idara ya Huduma kwa Wateja. Jumatatu likarudi limepigwa muhuri kuwa tatizo limetatuliwa, kwa sababu aliyelipokea alifungua ukuta wake, akaona kijani, akalifunga. Vipimo alilisoma jibu hilo akahisi damu inampanda kichwani. Kisha akajiuliza yeye mwenyewe Ijumaa alifanya nini tofauti, akanywa maji.

Jumanne asubuhi Dada hakupiga simu ya kawaida. Alipiga ya video. Uso wake ulikuwa na jasho na kitambaa kimeteleza kichwani.

"Niko ghalani kwenu," alisema. "Huku kwetu. Nimekuja mwenyewe na miguu yangu. Sasa tazama."

Akageuza simu. Kulikuwa na dirisha la chuma, nyuma yake mtunza ghala amekaa kwenye stuli, na nyuma ya mtunza ghala rafu. Kwenye rafu, yamepangwa vizuri kabisa, maboksi meupe yenye mstari wa bluu. Vipimo aliyajua hata bila kusoma.

"Umeyaona?"

"Nimeyaona."

"Mwambie anipe."

Mtunza ghala alisogeza uso kwenye simu, mtu wa heshima, amechoka na yeye. "Dada yangu, mimi siwezi kutoa kitu ambacho kompyuta inasema hakipo. Nikitoa, jioni hesabu inanikataa. Ni siku nyingi iko hivi. Nimeandika malalamiko, nikajibiwa tatizo limetatuliwa."

"Sogeza mkono tu hapo nyuma," Dada alimwambia. "Mkono wako unafika."

"Unafika, mama. Kompyuta ndiyo haifiki."

"Dada, nipe muda kidogo," Vipimo alisema. "Usiondoke hapo. Kaka, naomba ujaribu kuagiza sasa hivi, boksi moja, halafu unisomee namba ya ombi."

Mtunza ghala akaagiza, akasoma namba. Hapo ndipo Vipimo alipofanya kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa kitu ambacho mfumo wake ulitengenezwa kukifanya. Hakuangalia ukuta. Alichukua namba moja, ya ombi moja, la mtu mmoja aliyesimama dirishani, akalifuata. Langoni limepita. Kikapuni limepita. Bei, sawa. Ghalani limeingia, limejibiwa, limetoka, kufumba na kufumbua. Jibu: hazipo.

Na askari wa ghala, aliyeandikwa na Vipimo kwa mkono wake, alikuwa ameliwekea ombi hilo alama ya kijani. Kwa nini asiliwekee? Liliulizwa, likajibiwa, tena haraka. Hakuna jibu la haraka duniani kama "hazipo". Halihitaji kupanga, kufunga, kupakia wala kutafuta gari. Kadiri ghala lilivyowafukuza watu, ndivyo mstari wake ulivyolala chini na ndivyo ukuta ulivyozidi kupendeza. Walipima kasi ya kujibu. Hakuna aliyepima kama mtu ameondoka na kitu mkononi.

Akashuka ngazi mbili mbili hadi kwa Kesho.

"Fungua ghala la kanda ya kwetu. Nataka kuona maboksi ya bendeji yameshikiliwa na nani. Na ukiniambia kesho, nakunyonga na waya wa chaja."

Kesho alimtazama usoni, akaona hakuna utani, akafungua. Majina yakaanza kushuka kwenye skrini. Yote yalikuwa jina moja. Mteja wa Majaribio. Mteja wa Majaribio. Mteja wa Majaribio. Wa Mauzo ameshika boksi, wa Usalama ameshika, wa Fedha ameshika, wa Huduma kwa Wateja ameshika, na kila mmoja amejizalisha kwenye kila mashine. Mmoja akirudisha boksi, mwingine analidaka kabla halijagusa rafu. Ghala lile dogo la kanda lilikuwa limekaliwa na wateja ambao hawapo, na waliopo walikuwa wanaambiwa hazipo. Kengele nayo haikulia, kwa kuwa boksi lililoshikiliwa bado lilihesabiwa kuwa lipo.

"Lakini mbona wote wameng'ang'ania bendeji?" Kesho aliuliza. "Ghala lina bidhaa maelfu. Mbona wote namba hii hii?"

Vipimo aliitazama namba ile. Hakuhitaji kuisoma. Alikuwa akiijua kwa moyo tangu wiki ile Baba alipotoka hospitali, alipokuwa akimsomea mwenye duka kwenye simu tarakimu baada ya tarakimu mpaka ikamkaa kinywani. Baadaye, alipokuwa akiandika mteja wa majaribio, programu ilidai namba ya bidhaa, yoyote ile. Ghala akachagua la kwao. Namba akaandika iliyokuwa inamjia yenyewe. Wenzake wakanakili kila kitu.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Namba niliweka mimi. Ni bendeji za baba yangu."

Kesho akasema neno la maana kuliko yote aliyowahi kusema ofisini: "Tuzime sasa hivi."

Lakini ofisi ni ofisi. Mteja wa majaribio alikuwa wa Vipimo, nakala zake zilikuwa za idara nne, na mali ya idara haizimwi bila ruhusa. Akapanda kwa Meneja. Meneja alikuwa kwenye korido akinyoosha viti, kwa sababu wageni wa nje, wale wenye nia ya kuweka mtaji, walikuwa wanafika baada ya chakula cha mchana, na kituo cha kwanza kwenye ziara yao kilikuwa ukuta.

"Ukiwazima," Meneja aliuliza, "ukuta utakuwaje?"

"Utakosa taarifa. Utageuka mwekundu."

"Mbele ya wageni?"

"Bosi, kuna watu wanaambiwa hazipo na ziko. Tumewashikia sisi."

"Wangapi?"

"Sijui. Hatujawahi kupima."

"Unaona sasa? Hujui." Meneja alipumua kwa raha ya mtu aliyeshinda hoja. "Tutaitisha kikao. Wakuu wa idara wote. Wageni wakishaondoka."

"Wanaondoka lini?"

"Ijumaa."

Vipimo akazunguka mwenyewe kwa wakuu wa idara, mlango kwa mlango, ameshika kompyuta kifuani. Wote walimsikiliza kwa adabu. Wote walikubali kwamba wateja wa majaribio wamezidi na lazima wapunguzwe. Na kila mmoja alimshauri aanze na wa idara nyingine. Mkuu wa Fedha alimkaribisha na biskuti. Mkuu wa Mauzo akauliza kama hawezi kuwahamishia wote kwenye bidhaa isiyo na umuhimu, halafu wakakaa robo saa nzima wakijadili ni mgonjwa gani asiye na umuhimu, hadi Vipimo akasimama akaondoka mwenzake akiwa katikati ya sentensi.

Simu ikatetemeka. Dada. "Bado niko hapa dirishani. Wanafunga kwa chakula."

Akarudi kwenye meza yake, akakaa. Alikuwa amechoka uchovu ule wa kutamani kumpiga mtu na kiti. Kisha akaanza kucheka, kicheko kibaya, kwa sababu alikuwa amekumbuka wenzake walivyo. Watu ambao hawakujisumbua kubadilisha namba ya bidhaa, wangebadilisha nywila? Akafungua programu ya Mauzo. Nywila ilikuwa yake. Ya Usalama, Mungu atunusuru, ilikuwa yake. Wateja wote wale wa uongo walikuwa wakiingia kwa akaunti moja, na akaunti hiyo ilikuwa na jina lake.

Wageni walikuwa wanatoka kwenye lifti. Alisikia Meneja akicheka kile kicheko chake cha wageni, akisema, "Na huu ndio moyo wa kampuni."

Vipimo akaifunga akaunti.

Ukuta haukugeuka mara moja. Kwanza mistari ilisimama, ikawa kama inafikiri. Kisha skrini ya Mauzo ikawa nyekundu, ya Usalama ikafuata, ya Fedha, ya Huduma kwa Wateja, mpaka ukuta wote ukawa mwekundu na maandishi makubwa yanawaka na kuzima: HAKUNA TAARIFA. Kengele zote walizokuwa nazo zikalia kwa pamoja. Mgeni mmoja alirudi nyuma akamkanyaga mwenzake. Meneja alibaki ameinua mkono vilevile, anauonyesha moyo wa kampuni.

Katikati ya kelele zile Vipimo aliweka simu kwenye sikio moja na kidole kwenye sikio la pili.

"Dada! Mwambie ajaribu sasa!"

Akasikia dirisha la chuma likigongwa, mtu akinung'unika kuhusu chakula chake, kitu kikiburutwa.

"Amenipa," Dada alisema. Sauti yake haikuwa na furaha wala shukrani. "Amenipa mawili. Ngoja niwahi gari."

Meneja hakumfukuza. Kumfukuza kungehitaji fomu, na fomu ingehitaji sababu, na sababu ingeandikwa. Alimwambia aende likizo akapumzishe akili. Vipimo akasema ahsante. Akamwachia Kesho maelezo ya kuondoa askari wa ziada na kubakiza mkusanyaji mmoja ambaye idara zote zitasoma kwake, na akamwomba aongeze kipimo kimoja tu kipya: kati ya walioomba, wangapi wamepata. Kesho akasema anaanza leo. Vipimo akamtazama mara mbili.

Alhamisi alikuwa bado kwenye maandalizi ya safari ya nyumbani Dada alipotuma ujumbe. Daktari amefungua bendeji, ametazama, ametikisa kichwa. Mguu umenusurika. Kidole kidogo hakikunusurika, amekikata. Dada aliandika hivyo tu, bila neno la kulaumu, na Vipimo angetoa mshahara wa mwaka apewe hata tusi moja.

Alifika nyumbani Jumamosi, miguu imevimba kwa safari. Chumba cha mbele kilikuwa kama alivyokiacha: cherehani imefunikwa kitambaa pembeni, mikasi mikubwa imening'inia msumarini, na Baba kwenye kiti chake karibu na dirisha, mguu umeinuliwa juu ya stuli yenye mto. Alikuwa amepungua. Hilo halikuwemo kwenye mchoro wowote.

"Karibu mwanangu," Baba alisema. "Njoo uone daktari wako alivyonishona. Nafasi kati ya uzi na uzi unaweza kupitisha kijiko. Angekuwa mwanafunzi wangu ningemfumulisha yote arudie."

Vipimo akajaribu kucheka. Akapiga magoti, akamshika mkono, akaanza. Alikuwa ameipanga hotuba yake njia nzima. "Baba, ile wiki bendeji zilipokosekana, zilikuwepo. Kulikuwa na mteja wa majaribio ambaye nilimtengeneza mimi, halafu idara nyingine..."

"Usimweleze," Dada alisema kutoka mlangoni. Alikuwa na beseni la maji ya vuguvugu mkono mmoja na boksi jeupe mkono mwingine. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Na mimi usinieleze. Nimeeleza wiki nzima, nani alinisikia? Vaa glavu. Leo unafunga wewe."

"Dada, mimi sijawahi..."

"Najua hujawahi."

Akavaa glavu. Dada akasimama nyuma yake, mikono kiunoni, akimwelekeza kwa maneno machache. Fungua polepole. Lowanisha hapo palipogandia. Usivute. Bendeji ya zamani ikatoka, na Vipimo akakiona kidonda kwa macho yake mwenyewe. Miezi yote ile alijua urefu wake na upana wake, alijua kimeshuka kiasi gani tangu mwezi uliopita. Hakujua kwamba kina harufu. Hakujua kwamba ngozi ya pembeni inang'aa kama nailoni, wala kwamba pale palipokuwa na kidole mguu unakuwa mwembamba na wa kutia huruma. Machozi yakamtoka, na kwa kuwa alikuwa na glavu hakuweza kuyafuta, yakawa yanamdondokea kwenye gauni.

Baba aligeuza uso dirishani ili asimwaibishe.

Akasafisha, akapaka, akaanza kufunga. Alifunga kwa uangalifu wote aliokuwa nao, akikaza kila mzunguko ili isiteleze.

"Panauma, Baba?"

"Hapaumi, mwanangu. Endelea. Hapaumi kabisa."

Akaendelea, moyo umetulia kidogo. Dada akatoa pumzi ndefu ya mtu aliyechoshwa mpaka mwisho.

"Wewe unamuuliza?" alisema. "Huyo atakwambia hapaumi hata ukimfunga kwa waya. Mimi simuulizi. Tazama mkono wake."

Vipimo aliinua macho. Mkono wa Baba ulikuwa umeshika ukingo wa kiti, na viungo vya vidole vilikuwa vimegeuka vyeupe.

Akalegeza bendeji, akaifungua yote, akaanza upya.